Saa Saba Nilizozisahau

Kila mwaka nianzapo kufundisha habari za dunia, hutokea mtoto mmoja darasani akaniuliza, "Mwalimu, Amerika ni mbali gani?" Ni swali fupi, na mtoto hutazamia jibu fupi. Zamani nalikuwa nikimjibu kwa tarakimu moja tu, nikafuta ubao, nikaendelea na somo. Siku hizi sifanyi hivyo. Naliweka swali lile mbele ya darasa zima, nalo hutuchukua kipindi kizima na pengine cha pili, maana nimejifunza, tena kwa uchungu, ya kwamba umbali mmoja una hesabu tatu, na mtu aijuaye moja akazisahau nyingine ni heri asingejua kitu. Nataka kuwaeleza hesabu hizo, kisha niwaambie jinsi zilivyonifunza.

Wazee wetu hawakupima safari kwa kilometa wala kwa maili. Hapa petu Taita, ambapo misafara ya kutoka Mombasa ilikuwa ikipita kwenda bara, mtu akiuliza pwani ni mbali gani aliambiwa siku za mwendo, na mahali pa kulala, na mahali pa kuteka maji. Kwao mbali na muda vilikuwa kitu kimoja, wala hapakuwa na mtu aliyekosea, kwa kuwa jua lililomwondoa msafiri ndilo lililomfikisha. Baadaye zikaja meli za moshi, na safari ya Ulaya ikahesabiwa kwa majuma. Mwaka wa 1931 ndege za Kiingereza zikaanza kuleta barua kutoka London mpaka Mwanza, zikitua mahali pengi njiani, na safari nzima ikachukua siku zipatazo 10. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya Kenya Airways ikaruka kutoka Nairobi ikafika New York isitue po pote, kwa muda wa saa zipatazo 15. Basi mwendo umekuwa mfupi, lakini hesabu yake imekuwa ngumu kuliko ile ya wazee.

Hesabu ya kwanza ni ya uzi. Shuleni kwetu tuna tufe la dunia ambalo mzingo wake, ukiuzungushia uzi penye mstari wa Ikweta, ni sentimeta 100. Mzingo wa dunia yenyewe mahali hapo ni kilometa zipatazo 40,000, basi kila sentimeta moja ya uzi ni kilometa 400. Lakini kabla ya kulileta tufe huwaonyesha watoto ramani ya ukutani, nikawaambia wanionyeshe njia ya ndege kutoka Nairobi mpaka New York. Wote hutwaa rula, wakapima mstari ulionyoka ukipita Kongo, Nijeria na Mali, hata ukaingia baharini. Ndipo huwaita wawili mbele. Mmoja hushika uzi kwa kidole juu ya Nairobi, wa pili huuvuta mpaka New York, akaukaza hata usiweze kufupika tena. Uzi huikataa njia ya rula. Huondoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, ukapita Uganda na Sudani Kusini, ukaingia Chadi, ukakata jangwa la Sahara katika nchi za Nijeri na Aljeria, ukatoka Afrika katika pwani ya Moroko, ndipo ukavuka bahari ya Atlantiki. Watoto hustaajabu, wakadhani tufe limekosea. Nami huwaambia kwamba ramani ya karatasi ni kama ganda la chungwa lililobandikwa kwa nguvu juu ya meza. Halikosi kuvutwa huku na kupasuka kule.

Tukiupima uzi twapata sentimeta 29 na nusu na kitu kidogo, yaani kilometa zipatazo 11,840. Kisha huwaagiza watie alama pale uzi uachapo pwani ya Moroko, wapime vipande viwili. Kipande cha Afrika ndicho kirefu. Chapita kidogo nusu ya safari nzima. Jambo hili huwapendeza watoto kuliko yote: mtu aondoka Nairobi kwenda Amerika, naye hutumia nusu ya njia yake na zaidi juu ya bara lake mwenyewe. Kweli marubani hawaufuati uzi sawasawa, maana hukwepa dhoruba, huzizunguka nchi zenye vita, na hutafuta upepo mwema. Lakini uzi ndio msingi wa hesabu yao. Wala safari hii si ndefu kuliko zote. Kutoka Singapore mpaka New York ni kilometa zaidi ya 15,300, na ndege ziendazo njia hiyo hukaa angani zaidi ya saa 18.

Hesabu ya pili ni ya muda. Ndege kubwa za siku hizi, zikiwa juu, huenda kilometa zipatazo 900 kwa saa. Watoto hugawanya, wakapata saa 13 na kitu. Nami huwaambia, "Kugawanya kwenu ni sahihi, lakini safari siyo hiyo." Kwenda ni saa zipatazo 15, na kurudi ni saa zipatazo 14. Sehemu ya sababu yafahamika upesi: ndege haipati mwendo wake mara moja, hupanda kwa taratibu ikiwa imejaa mafuta na watu, na kabla ya kutua hupunguza mwendo, na pengine hungoja zamu yake juu ya mji. Lakini mbona kurudi kupunguke? Njia si ile ile?

Hapo kila mwaka hutokea mwerevu mmoja akasema, "Ni kwa sababu dunia huzunguka." Mimi humwuliza kama amepata kurusha chungwa juu ndani ya basi liendalo. "Lilikurudia mkononi, au lilikwenda kumpiga abiria wa kiti cha nyuma?" Darasa hucheka. Chungwa huenda pamoja na basi, na hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Tena kama maneno yake yangekuwa kweli, kwenda ndiko kungekuwa kufupi, maana dunia huzunguka kuelekea mashariki, na New York ingekuja yenyewe kutulaki njiani.

Sababu ni upepo. Juu sana, mahali ndege zirukapo, kadiri ya kilometa 9 mpaka 12, upo upepo wenye nguvu uvumao kama mto kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa katika nchi zilizo mbali na Ikweta. Mwendo wake hupita mara nyingi kilometa 160 kwa saa, na pengine hupita 300. Aendaye Amerika ni kama mwenye mtumbwi apandaye mto Tana kwa kuupiga pondo. Arudiye ni kama ateremkaye nao. Mjapani mmoja mtaalamu wa habari za hewa, jina lake Wasaburo Ooishi, aliupima upepo huo kwa kurusha maputo, akaandika habari zake mwaka wa 1926 kwa lugha ya Esperanto, akitumaini kwamba mataifa yote yatamsoma. Waliomsoma walikuwa wachache. Katika Vita Kuu ya Pili marubani wa Kimarekani waliokwenda kupigana juu ya Japani wakakutana nao kana kwamba hakuna aliyepata kuutaja. Huwaambia watoto waliweke jambo hilo moyoni: neno la kweli likisemwa lisisikiwe, hasara ni ya wasiosikia.

Hesabu ya tatu ni ya saa ya ukutani, nayo ndiyo iliyonishinda mimi. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24, na mzunguko mzima umegawanywa digrii 360. Basi kwa kila saa moja jua huonekana kupita digrii 15. Nairobi i karibu na digrii 37 upande wa mashariki, na New York i karibu na digrii 74 upande wa magharibi. Jumla ni digrii 111, na ukizigawanya kwa 15 wapata saa 7 na dakika 24. Lakini serikali hupenda saa nzima zisizo na vipande. Tena Wamarekani huisogeza saa yao mbele mwezi wa Machi, wakairudisha mwezi wa Novemba. Kwa hiyo wakati wa baridi yao sisi twawatangulia kwa saa 8, na wakati wa joto lao kwa saa 7. Sisi tukaao karibu na Ikweta hatuna haja ya kuisogeza saa, maana jua letu halibadili desturi yake. Ndiyo sababu wazee wakaweza kuihesabu saa ya kwanza tangu kuchomoza kwake, na hesabu hiyo ikafaa mwaka mzima.

Mtu aendaye magharibi hupewa saa hizo kama zawadi. Mwezi wa Agosti akiondoka Nairobi saa tano ya usiku, baada ya saa 15 kwetu ni saa nane ya mchana. Lakini akishuka New York akaitazama saa ya ukutani ataona ni saa moja tu ya asubuhi, kana kwamba amesafiri saa 8. Watoto hufurahi sana kwa zawadi hiyo. Ndipo huwauliza, "Na arudipo?" Hunyamaza kidogo, kisha mmoja husema kwa sauti ndogo, "Hulipa, mwalimu." Naam, hulipa. Nami nitawaambia jinsi deni hilo lilivyolipwa nyumbani kwetu.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2019 mama yetu alifariki. Alikuwa mzee, na ugonjwa wake ulikuwa wa muda mrefu, basi hatukushtuka, ila tulihuzunika. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa Amerika mwaka wa tisa. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa ukoo, alituketisha akanena, "Wamesema asiyekuwapo na lake halipo, lakini mama ni wake kama alivyo wenu. Tutamngoja." Sote tukakubali.

Jumatano usiku mdogo wangu akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa imepwaya kwa kulia. Akasema, "Kaka, nimepata kiti. Ndege yaondoka hapa New York kesho saa sita ya mchana. Njiani ni saa kumi na nne." Nikamwambia, "Safari njema, mdogo wangu, tutakungoja." Nikakata simu. Nikatwaa bahasha kuukuu nikaandika mgongoni mwake: Alhamisi saa sita ya mchana, na saa kumi na nne, ni Ijumaa saa nane ya usiku. Nikaona ni vyema. Atashuka Nairobi usiku huo, kutapambazuka akiwa njiani, na kabla ya saa nne ya asubuhi atakuwa nyumbani.

Binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la sita, alikuwa amesimama nyuma yangu akiitazama bahasha. Akasema, "Lakini baba, baba mdogo akitupigia simu usiku, yeye husema kwao ni mchana. Hizo umezihesabu?" Nami nalikuwa na mengi: watu wamejaa uani, turubai haijafungwa, sukari imekwisha. Nikamwambia, "Mwanangu, nenda ukawasaidie shangazi zako kuteka maji." Akaenda. Nami nikaenda kwa baba mkubwa, nikampa saa zangu. Hakuniuliza mara ya pili. Alisema mbele ya watu wote, "Mwalimu amekwisha piga hesabu. Maziko yatakuwa Ijumaa saa saba ya mchana, ili mtoto apate kunawa na kukaa kidogo na mama yake." Tangazo likatolewa, mchungaji akaarifiwa, na jamaa wa Mombasa na Taveta wakakodi magari.

Wasomaji wenzangu walimu, fikirini neno hilo: mwalimu amekwisha piga hesabu. Nyumbani kwetu palikuwa na watu wengi wenye akili, wengine wana watoto wao ng'ambo, na yamkini yupo aliyeona kwamba saa zile hazikai vizuri. Lakini nani atamsahihisha mwalimu wa jiografia katika habari za jiografia? Waswahili wamenena, mganga hajigangi.

Usiku wa Alhamisi sikulala. Saa nane ilipofika nikaishika simu mkononi, nikijua atanipigia mara ndege itakapogusa ardhi. Simu haikulia. Saa tisa haikulia. Saa kumi nikatoka nje, nikasimama penye mgomba nyuma ya jiko, nikampigia mimi; hakupatikana. Kulipokucha nikaanza kuwaza jambo ambalo sikuweza kulitamka. Ndani ya nyumba mama alikuwa amelazwa katika jeneza lake, nami nje nalikuwa nikijiuliza nitawaambiaje watu kwamba ni wawili. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nalikwenda huku na huku nikipanga viti, na kila aliyeniuliza, "Ndugu yako amefika wapi?" nikamjibu, "Yuko njiani."

Saa tatu na nusu ya asubuhi simu ikalia, nambari nisiyoijua. Alikuwa yeye, ameazima simu ya mtu. "Kaka," akasema, "tumeshuka sasa hivi, salama kabisa." Nikaketi chini. Furaha ya kwamba yu hai ilinijia kwanza, nayo ilikuwa kubwa. Kisha, kabla hajamaliza kusema, nikaiona bahasha ile mbele ya macho yangu. Ile saa nane ya usiku niliyoiandika ilikuwa saa nane ya New York. Saa ile ile hapa kwetu ilikuwa saa tatu ya asubuhi. Niliihesabu safari nzima kwa saa ya kule, kisha nikaiweka juu ya kalenda ya huku. Zile saa saba nilizozisahau ndizo nilizozikesha mimi, tangu saa nane ya usiku hata saa tatu ya asubuhi, nikimlilia mtu aliyekuwa ameketi salama katika kiti chake juu ya Sahara.

Nikaenda kwa baba mkubwa, nikamweleza kosa langu. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Kutoka Nairobi mpaka hapa atafika lini?" Hesabu hiyo naliijua bila kalamu. Kutoka Nairobi mpaka Voi ni kilometa zipatazo 330, na barabara ya Mombasa imejaa malori. Kutoka Voi ni kupitia Mwatate, kisha kupanda milima kwa kona zake zote. Nikamwambia, "Si kabla ya saa kumi na moja." Akakaa kimya. Watu walikuwa wamekwisha fika. Magari ya Mombasa yalikuwa ya kukodi, nayo yalikuwa yarudi siku ile ile. Mchungaji alikuwa na maziko mengine mbali kesho yake. Ukungu wa milimani ulikuwa umeanza kushuka mapema, na wazee waliogopa mvua kaburini. Wakashauriana, wakasogeza mbele, wakasogeza tena. Saa tisa na nusu baba mkubwa akanitazama, akatikisa kichwa. Tukamzika mama.

Mdogo wangu alifika saa kumi na moja na nusu. Gari lilimshusha barabarani, akapanda kijia kwa miguu, begi begani. Aliona turubai, akaona watu wachache wamebaki, akaona udongo mpya. Hakuuliza kitu. Alikwenda akapiga magoti, akatwaa konzi ya udongo kutoka juu ya kaburi, akairudisha pale pale. Baadaye, usiku, tulipokuwa tumeketi wawili tu penye moto, akaniuliza, "Kaka, mlimshusha saa ngapi?" Nikamwambia, "Saa tisa na nusu." Akafikiri kidogo, akasema, "Nalikuwa karibu na Voi. Naliyaona malori yamesimama, nikawaza, hata yakisimama, wananingoja."

Nikamwambia yote: bahasha, saa kumi na nne, swali la binti yangu. Akasema, "Tiketi yangu ilikuwa imeandikwa saa ya kufika, kwa saa ya Nairobi. Ningalikusomea, lakini hukuniuliza. Nami nikasema moyoni, kaka ni mwalimu, anajua." Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo, wala hajalisema mpaka leo. Ndege ilimletea kilometa 11,840 kwa saa 14, tena kwa wakati wake. Kilometa mia tatu na kitu za mwisho zikamla siku nzima iliyobaki. Lakini vyote viwili vilikuwa vyaweza kuhesabiwa Jumatano usiku kwa kalamu moja na bahasha moja. Kama ningaliuliza, maziko yangalikuwa Jumamosi.

Alikaa nasi majuma mawili. Alipokuwa akirudi tuliketi mezani watatu, yeye, mimi na binti yangu, na kalamu nikampa binti. Akaandika: kuondoka Nairobi saa tano ya usiku, njiani saa kumi na tano, kufika saa nane ya mchana kwa saa yetu, saa moja ya asubuhi kwa saa yao. Siku ya pili nalikuwa darasani. Saa nane na nusu nikatoka mlangoni, na simu ikalia mkononi mwangu. "Kaka, nimeshuka," akasema. "Huku ni asubuhi, jua limekwisha panda." Nikatazama nje, jua letu lilikuwa limekwisha pinduka, likielekea upande wake yeye.

Basi, msomaji, ukiambiwa kwamba ndugu yako yuaja kutoka mbali, usiridhike kusikia njiani ni saa ngapi. Uliza ataondoka lini kwa saa ya kule, uliza atashuka lini kwa saa ya hapa, kisha uihesabu na njia ya mwisho, ile ya kutoka kiwanjani mpaka mlangoni pa mama yake, maana hiyo hapana rubani aihesabuye. Na kama hujui, uliza, hata ukiwa mwalimu. Hasa ukiwa mwalimu.

Darasani kwangu siku hizi zimetundikwa saa mbili ukutani, moja ya Nairobi na moja ya New York, na tufe liko chini yake pamoja na uzi wake. Bahasha ile ningali nayo. Na mtoto akisimama nyuma yangu akasema, "Lakini, mwalimu, hizo umezihesabu?" naweka chaki chini, namgeukia, namsikiliza mpaka amalize.